Maji Hayashiki Panga

Mwaka 2015 nilipanda jukwaani Mombasa, kwenye usiku mmoja wa mashairi, nikasoma shairi refu kuhusu Tana. Lilikuwa shairi la hasira. Qatar ilikuwemo, Wakanada walikuwemo, kampuni za miwa zilikuwemo, na kila baada ya beti mbili niliwarudisha wageni wangu wanaoweka kidole kwenye ramani na kusema hapa ni pangu. Watu walipiga meza. Mmoja akapiga mluzi. Nilishuka nikijiona mtu.

Nje, karibu na mama muuza viazi karai, rafiki yangu alikuwa ananisubiri. Tulisoma pamoja chuo. Mama yangu ni Mpokomo wa upande wa Ngao. Yeye ni Muorma, kwao upande wa Kipao. Tulikuwa marafiki miaka mitatu na hatukuwahi kuzungumza kuhusu 2012 hata siku moja. Tuliizunguka tu, kama dereva anavyozunguka shimo analolijua. Usiku ule akaniambia, "Shairi zuri. Lakini nikuulize kitu, ndugu yangu. Yule aliyemkata shangazi yangu, alikuwa Mqatari?"

Sikuwa na jibu. Tulikula viazi, tukapanda matatu, kila mtu akashuka kwake.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila kinachoandikwa kuhusu vita vya Tana Delta kwa jicho la swali lile. Sisomi kama mwanahistoria, wala si kama mwanaharakati. Nasoma kama mtu anayependa hadithi, ninayetaka kujua nani ametenda nini katika sentensi. Na nimegundua kwamba tunazo hadithi tatu kuhusu asili ya vita hivi, kila moja ina kweli ndani yake, na kila moja ina mlango wa nyuma ambapo mtendaji anatoroka. Shairi langu lilikuwa mlango mmojawapo.

Kwanza nitaje yaliyotokea, kwa tarehe na majina ya mahali, maana hata hilo huwa tunalikwepa. Tarehe 22 Agosti 2012, alfajiri, kijiji cha Reketa, eneo la Tarassa, kilivamiwa. Waliovamia walitoka upande wetu, Wapokomo. Waliouawa walikuwa Waorma, zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 7 Septemba ikafuata Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo. Siku tatu baadaye, Kilelengwani, ambako waliokufa walifika 38, wakiwemo askari polisi. Serikali ikatangaza kafyu, ikamwaga GSU, ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Tarehe 21 Desemba ikawa Kipao. Januari 2013 ikawa Nduru. Kwa jumla walikufa zaidi ya watu 150, na maelfu wakahama makwao.

Sasa tuzisikilize hadithi zenyewe.

Hadithi ya kwanza ndiyo inayopendwa na vyombo vya habari: maji na malisho. Unaijua. "Mapigano yamezuka kati ya wakulima na wafugaji." "Watu kadhaa wamepoteza maisha." Hebu yatazame hayo maneno. Kuzuka ni kazi ya pepo na moto. Kitu kinachozuka hakina aliyekipanga. Na aliyepoteza maisha ni kama aliyepoteza kitambulisho kwenye matatu, bahati mbaya tu, huenda alizubaa. Katika sentensi hizo mbili hakuna mtu aliyeamka usiku, akavaa, akachukua panga, akatembea na wenzake mpaka kijiji cha pili. Kuna maji tu, na ukame, na ng'ombe.

Maji ya Tana yalisingiziwa zamani kabla ya 2012. Tarehe 3 Machi 1959, huko Hola, mto uleule, walinzi wa kambi ya wafungwa wa Mau Mau waliwapiga wafungwa hadi 11 wakafa. Walikuwa wanalazimishwa kufanya kazi kwenye mradi wa umwagiliaji, kwa utaratibu uliopangwa na ofisa wa magereza aliyeitwa John Cowan. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisemaje? Kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Yaani marungu yalitolewa kwenye sentensi, maji yakaingizwa. Uchunguzi ulipofanyika, miili yenyewe ilikataa ule uongo, na kashfa ikafika mpaka bunge la Uingereza.

Kila nikisoma kwamba watu wa Delta "wanapigania maji", nalikumbuka lile gari la Hola. Sisemi maji hayana habari. Yanayo, sana. Kilimo cha Wapokomo kimetegemea mafuriko tangu jadi: mto unajaa, unamwaga udongo, unarudi, watu wanapanda mpunga na ndizi kwenye unyevu uliobaki. Waorma nao, ukame ukichachamaa huko juu, hushusha ng'ombe mtoni kupitia njia zao ziitwazo malka. Kisha kati ya 1968 na 1988 yakajengwa mabwawa matano juu ya mto huu, kuanzia Kindaruma hadi Kiambere, Masinga likiwemo. Mafuriko hayakuja tena kama zamani. Shamba likasogea mahali palipobaki na unyevu, na mara nyingi mahali hapo ndipo malka ilipokuwa ikipita. Wewe unayesoma makala haya kwa simu uliyoichaji Roysambu au Nyali, umeme ule umetoka sehemu kwenye huo mto.

Kwa hiyo ndiyo, maji yapo kwenye kisa. Lakini maji hayashiki panga. Watu wameishi kando ya mto huu kwa mamia ya miaka, na kumekuwa na ukame mwingi ambao haukuishia kwa watoto kuchomwa ndani ya nyumba. Hadithi ya maji inaeleza kwa nini watu walikuwa na hasira. Haielezi kwa nini hasira ilipata mpango, na silaha, na siku.

Hadithi ya pili ni mkono wa nje. Kwetu hii ina ukoo.

Ukitaka kuielewa, rudi 1963. Kenya inakaribia uhuru, na Wasomali wengi wa wilaya za kaskazini wanataka kuungana na Somalia. Mwaka 1962 Uingereza ilikuwa imetuma tume yake yenyewe kuwauliza, tume ikakuta kwamba wengi wanataka hivyo, kisha Uingereza ikaamua vingine: wakapewa jimbo ndani ya Kenya. Juni 1963 mkuu wa wilaya ya Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, akauawa. Desemba, wiki chache tu baada ya bendera kupanda, serikali mpya ikatangaza hali ya hatari. Vita vikaendelea hadi 1967, Kenneth Kaunda alipowapatanisha Jomo Kenyatta na Mohamed Egal kule Arusha. Tunaviita vita vya Shifta, neno lililotoka Ethiopia, maana yake jambazi. Kwa hiyo hata kabla hujauliza vita vilianzaje, jina limeshakujibu: ni majambazi.

Nani alivianzisha? Nairobi ilisema Mogadishu, iliyowapa wapiganaji silaha na redio ya kuwachochea, na yenyewe ikasaidiwa silaha na Urusi ya Kisovieti. Upande wa pili ulisema London, iliyochora mpaka kisha ikapuuza tume yake. Wengine wanataja mkataba wa ulinzi kati ya Kenya na Ethiopia, wengine wanataja risasi ya Isiolo. Nimejifunza kitu kwenye mabishano haya: ukichagua tarehe ya kuanzia, umeshamchagua mkosaji. Anayeanza 1963 anamshika mpiganaji. Anayeanza 1962 anamshika Mwingereza. Na kila mmoja ana nyaraka zake.

Kilichonishtua zaidi ni sheria. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kinga, iliyozuia watu kushtaki serikali na maofisa wake kwa yaliyofanywa wakati wa vita vile kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Ilihusu Mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya za Isiolo, Marsabit, Lamu, na Tana River. Soma tena hilo la mwisho. Kwetu pia tulikuwemo. Wakati sisi tunabishana kuhusu Mogadishu na London, sheria ya nyumbani ilikuwa imefunga mlango wa kuuliza aliyepiga ni nani. Mabishano juu ya mgeni yaligeuka pazia la mwenyeji.

Ndiyo maana mkono wa nje haukuondoka Delta hata baada ya Arusha. Umekuwa ukibadilisha kinyago tu. Upande wa mama yangu, mwaka 2012, mgeni alikuwa Msomali: eti bunduki zimevushwa mpaka, eti wale sio Waorma tunaowajua. Upande wa rafiki yangu, mgeni alikuwa mtu wa Mombasa: eti kuna vijana wameletwa kwa basi na kulishwa viapo. Nairobi, kwa watu waliosoma, mgeni alikuwa Qatar. Kila upande una mgeni wake, na kazi ya mgeni huyo ni ileile kila mahali, kuhakikisha kwamba aliyekata si mtu tunayemjua kwa jina la baba yake.

Nifike basi kwa Qatar, maana hii ndiyo hadithi yangu mwenyewe, ya tatu, na sitaki kuionea kwa sababu tu nimeaibika nayo.

Mwishoni mwa 2008, Rais Kibaki alikwenda Qatar, na baadaye ikajulikana kwamba Qatar ilitaka hekta 40,000 za Tana Delta kulima chakula, huku yenyewe ikifikiriwa kugharamia bandari ya Lamu. Mwaka huohuo mamlaka ya serikali, TARDA, pamoja na Mumias Sugar walikuwa na mpango wa mashamba makubwa ya miwa ndani ya Delta. Bedford Biofuels ya Kanada ikaja kukodi ardhi ya ranchi kulima mibono ya kutengenezea mafuta. Kampuni ya Uingereza nayo ikaja na mpango wa mbegu za mafuta, ikajiondoa 2011. Ukijumlisha hekta zote zilizoahidiwa kwenye karatasi, unajiuliza watu walikuwa wakae wapi. Na kabla yao palikuwa na Bura, mradi wa umwagiliaji uliogharamiwa na Benki ya Dunia kuanzia miaka ya 1970, ukala mabilioni; na mradi wa mpunga karibu na Garsen uliojengwa kwa pesa za Wajapani, ambao mvua za El Niño za 1997 ziliuvunja.

Kwa hiyo sikuzua. Ardhi ilikuwa inagawiwa na watu ambao hawajawahi kuvuka Tana kwa mtumbwi. Na kulikuwa na watu wa Delta waliopinga kwa akili timamu: walikwenda Mahakama Kuu, na Februari 2013 Jaji Mumbi Ngugi akaamuru kwamba mipango ya matumizi ya ardhi ya Delta itengenezwe kwa kuwashirikisha wakazi. Hukumu ile ilitoka wiki chache tu baada ya Nduru. Watu wanaangalia mafaili na watu wanazika, mwezi mmoja. Septemba 2012 yenyewe, mwezi wa Chamwanamuma na Kilelengwani, ndio Delta iliyoingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu za umuhimu wa kimataifa. Dunia ilikuwa inahesabu ndege wetu wakati sisi tunahesabu maiti.

Lakini hadithi hii nayo ina tundu, na rafiki yangu aliliona kwa swali moja. Kwanza, Qatar haikupata zile hekta. Mradi wa Bedford ukafa. Miwa ile haikupandwa kama ilivyotangazwa. Wageni wengi waliondoka na mapanga yakabaki. Pili, Wapokomo na Waorma waliuana mwaka 2001 pia, kabla Qatar haijasikika, na moja ya vichocheo wakati ule ilikuwa zoezi la serikali la kupima ardhi na kutoa hatimiliki. Wakulima wengi walilitaka, wafugaji wengi walilipinga, na wote walikuwa na sababu. Hatimiliki inamjua mwenye shamba. Haimjui anayepita na ng'ombe mara moja kwa mwaka. Ramani ikichorwa bila malka, Muorma anayeenda mtoni anakuwa mvamizi kwenye njia ya babu yake. Na ikichorwa ranchi juu ya mashamba ya mafuriko, Mpokomo naye anakuwa mvamizi kwenye shamba la bibi yake.

Tatu, na hili ndilo nililoliacha nje ya shairi kwa makusudi, wageni hawakuja na ufunguo wao. Ranchi zilizokodishwa zilikuwa na wakurugenzi, na wakurugenzi wana kwao. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa unaleta kiti kipya, gavana, na bajeti ambayo wilaya ile haikuwahi kuiona. Na hesabu ya kura hubadilika watu wakihama. Ripoti ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu iliyotoka 2012, ile inayozungumzia siku 29 za hofu kwenye Delta, haikuishia kwa malisho. Iliangalia siasa, silaha, na vyombo vya usalama vilivyochelewa. Human Rights Watch nao waliiweka Tana kwenye ripoti yao kuhusu hatari za uchaguzi ule. Hayo yote yalikuwa yamechapishwa nilipoandika shairi langu. Niliyasoma. Nikachagua Qatar, kwa sababu Qatar haina mjomba wangu ndani yake.

Hapa ndipo nilipomrudia Fumo Liyongo.

Sijui wewe ulifundishwaje Liyongo shuleni. Mimi nilifundishwa tamathali za usemi na sifa za shujaa, tukafanya mtihani, tukasahau. Hakuna aliyeniambia kwamba huyu ni mtu wa kwetu: kwamba Shaka na Ungwana, miji inayotajwa na jina lake, ilikuwa pande za Kipini, mahali Tana inapoingia baharini, kwamba Wapokomo nao wana masimulizi yao juu yake, na kwamba Wagala wa kwenye utendi ni ndugu wa kale wa Waorma. Utendi tunaousoma uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 20. Ndani yake Wagala wanakuja Pate kutafuta chakula, wanasikia habari za Liyongo, wanastaajabu, wanataka damu yake iingie kwao, na wanamwoza binti yao. Yaani maandishi yetu ya kale kuhusu Delta yanawaweka mwenye mji na mfugaji kwenye harusi.

Halafu yanaleta mauaji. Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo na hawezi kumuua. Anamwita mtoto wa Liyongo, anamwahidi ukubwa na binti yake amuoe, anamtuma akaulize siri: ni kitu gani kinachoweza kumuua baba? Mtoto anauliza. Baba anafahamu kwamba ametumwa, na bado anamwambia: sindano ya shaba, kitovuni. Mtoto anarudi na sindano.

Sasa jibu swali la mtihani ambalo hatukuulizwa: nani alimuua Liyongo?

Ukisema Sultani, umesoma nusu. Sultani hakujua kitovu. Ukisema mtoto, umesoma nusu nyingine. Mtoto hakuwa na sindano wala hakuwa na sababu mpaka alipoahidiwa. Utendi haukubali kumwacha hata mmoja atoroke. Unatuonyesha ahadi ikitolewa, unatuonyesha safari, unatuonyesha mkono. Kijumwa hakuandika kwamba mauti yalizuka Shaka.

Na kuna lile tukio la kisimani, ambalo nililisoma upya mwaka jana nikaacha kitabu mezani. Liyongo, sindano ikiwa mwilini, anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na anafia hapohapo katika mkao ule. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, wanaogopa. Hakuna anayeteka maji. Mji mzima unakaa na kiu, si kwa sababu kisima kimekauka, ila kwa sababu pale kisimani kuna maiti ambayo hakuna mwenye ujasiri wa kuisogelea. Mwishowe anaombwa mama yake aende akamsemeshe.

Kama kuna hadithi ya maji ninayoiamini kuhusu Tana, ni hiyo. Kiu ilikuja baada ya mauaji, kwa sababu watu walikataa kusogea na kutazama.

Desemba iliyopita nilikwenda Garsen, nikapitia Minjila, nikaunganisha bodaboda mpaka kwa mjomba. Maembe yalikuwa mengi, barabara ilikuwa tope. Mjomba alinipokea vizuri kama kawaida yake. Jioni aliniambia mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: zamani, kabla kundi halijafika, mzee wa Kiorma alitangulia kuja kusalimia na kuuliza mavuno yamekwisha au bado. Yakiwa yamekwisha, ng'ombe wanaingia, wanakula mabua, wanaacha samadi, na maziwa yanakuja nyumbani kwa bibi. Yakiwa bado, mnaelewana siku. Ugomvi ulikuwepo, alisema, na watu walipigana fimbo, lakini kulikuwa na mtu wa kwenda kumwona kesho yake.

Nikaona ndiyo nafasi. Nikamuuliza, "Mjomba, na 2012 ilikuwaje?"

Akaniuliza kama nimekula.

Nikasema nimekula. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Tuliitwa mkutano."

"Nani aliwaita?"

"Tuliitwa tu, mjomba. Tukaambiwa, wakija hawatabakisha mtu."

"Aliyewaambia ni nani?"

"Tuliambiwa."

Nimeandika maneno yake kama yalivyo. Tuliitwa, tuliambiwa. Mjomba wangu hajasoma sarufi, lakini kauli ya kutendwa anaijua kuliko mwalimu wangu yeyote. Sikumuuliza alipokuwa alfajiri ya tarehe 22 Agosti. Nilikuwa nimesafiri siku nzima kumuuliza hilo, na sikumuuliza. Nalala nyumbani kwake, nimekula ugali wake na samaki, na mkewe amenitandikia. Kwa hiyo nisijifanye mkosoaji jasiri hapa. Mimi pia nilimwona mtu kisimani nikasimama mbali.

Ila nimeondoka na kitu kimoja ambacho shairi langu la 2015 halikuwa nacho: mkutano. Kati ya Qatar na shangazi wa rafiki yangu kuna mkutano. Kuna mtu aliyeita, kuna mtu aliyechangisha, kuna mtu aliyesema wakija hawatabakisha, kuna watu waliosikiliza wakainuka, na labda kuna waliosikiliza wakabaki nyumbani, ambao hatuwajui kwa sababu hakuna aliyeandika habari zao. Hadithi ya maji inauruka mkutano huo. Hadithi ya mgeni inauruka pia. Hata ripoti, zenye tarehe zote, zinaukaribia kisha zinarudi kwenye "wanasiasa wa eneo" bila sura. Fasihi ingeweza kuingia mle ndani, ikakaa kwenye mkeka, ikasikiliza nani anakohoa nani anaangalia chini. Sisi vijana tunaoandika kuhusu Pwani tumeikimbia kazi hiyo kwa sababu tunamjua aliyekaa kwenye mkeka.

Mnajua wimbo wa taifa tunaousimamia kila sherehe sauti yake ilitoka wapi? Kwa Wapokomo. Ulikuwa wimbo wa mama kumbembeleza mtoto. Nchi nzima inausimamia, na bado Delta ikiungua tunasema kumezuka mapigano huko mbali.

Mwaka huu nililiandika upya lile shairi. Qatar nimeibakiza, maana ni kweli. Mabwawa nimeyaongeza, na ramani isiyo na malka. Lakini sasa katikati kuna chumba, usiku, na wanaume wa kijiji cha mama yangu, na kila kitenzi kina mtu. Sikulipeleka jukwaani. Nilimtumia rafiki yangu kwenye simu, nikakaa siku mbili bila jibu, nikajua nimempoteza.

Siku ya tatu akapiga. Hakusema ni zuri. Alisema, "Nimelisoma mara tatu. Nikamsomea na mama." Kisha akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Sasa kuna wale wa kwetu waliokwenda Chamwanamuma," akasema. "Hilo usiliandike wewe. Niachie mimi."